Nyota Zilizokufa na Vioo Kabatini



Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Wakenya walikuwa wakitimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Kimarekani ilirushwa kutoka baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Jukwaa la kurushia lilikuwa la Waitaliano, jina lake San Marco, limesimama majini kwa miguu ya chuma. Roketi ilibeba setilaiti ndogo isiyofika hata kilo 150. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kwa upande wa NASA, aliiheshimu siku hiyo pamoja na wenyeji wake kwa kuipa setilaiti jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuzitazama mbingu kwa eksirei. Eksirei zinazotoka kwenye nyota hazipenyi hewa ya Dunia. Anayetaka kuziona hana budi kupanda juu ya hewa. Malindi ilifaa kwa sababu iko jirani na Ikweta, ambako mzunguko wa Dunia wenyewe huipa roketi msukumo wa bure.

Uhuru ilifanya kazi hadi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Wanaoisimulia habari hiyo hukimbilia mashimo meusi, kwani ni kweli kwamba Uhuru ilichangia sana kuyafahamu. Mimi leo nimevutwa na kitu kingine, ambacho kwenye orodha yake ya tatu hakikuwa hata na jina. Kiliandikwa kwa namba tu, 3U 1809+50. Hiyo U ni Uhuru.

Miaka michache baadaye wanaastronomia waligundua kwamba mahali penye namba hiyo pana nyota iliyokuwa ikijulikana tangu zamani. Max Wolf, Mjerumani wa Heidelberg, aliiandika mwaka 1923 kuwa nyota ambayo mwanga wake hupanda na kushuka, ikapewa jina la AM Herculis, ikaachwa vitabuni. Kwa nusu karne hakuna aliyeishughulikia sana. Mwaka 1976 Santiago Tapia wa Chuo Kikuu cha Arizona aliupima mwanga wake akakuta mawimbi yake yamepangika kwa namna ambayo sumaku kali mno pekee ndiyo huweza kuyapanga. Ikabainika kuwa hapo pana nyota mbili zinazozungukana kwa muda wa saa tatu na dakika chache. Moja ni nyota ndogo ya kawaida. Nyingine ni maiti ya nyota, yenye sumaku inayoizidi ya Dunia mara mamilioni. Maiti hiyo inamnyonya mwenzake. Gesi hutoka kwa jirani, ikafuata njia za sumaku, ikaanguka kwenye ncha kwa kasi ya kutisha, na pale inapogonga hupata joto la mamilioni ya nyuzi. Hapo ndipo zinapotoka zile eksirei ambazo setilaiti ya Malindi iliziona.

Maiti ya namna hiyo, wasikilizaji, huitwa kibete cheupe.

Tusimame hapo kidogo. Nyota kama Jua letu huishi kwa kuunguza hidrojeni katika kiini chake. Jua limekwisha kufanya hivyo kwa takriban miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na takriban bilioni 5. Likianza kuishiwa litavimba liwe jitu jekundu, liimeze Utaridi na Zuhura, kisha litapeperusha ngozi zake za nje angani. Kitakachobaki ni kiini kitupu cha kaboni na oksijeni, chenye ukubwa unaokaribia wa Dunia yetu lakini kilichobeba nusu au zaidi ya uzito wa Jua zima. Kiini hicho hakichomi tena kitu. Kinang'aa kwa joto la urithi tu, kikipoa polepole kwa mabilioni ya miaka. Katika kila nyota mia za galaksi yetu, tisini na kitu zitaishia hivyo. Zile kubwa mno ndizo zinazolipuka na kuacha nyota za nyutroni au mashimo meusi, na ndizo zinazopata sifa zote.

Nina hoja moja nayo naisema mapema. Katika utafiti wa vibete vyeupe, mara nyingi ushahidi ulikuwepo kabla ya mtu wa kuuelewa. Uliandikwa, ukafungwa kabatini, ukangoja. Tumezoea kuwapamba wenye akili za ajabu waliokuja kuufumbua. Mimi leo nataka kumpa heshima yule aliyefunga kabati vizuri.

Chukueni Shira, ile nyota ing'aayo kuliko zote za usiku, ambayo Waislamu mnaikumbuka katika Sura ya An-Najm, na Wazungu wanaiita Sirius. Mwaka 1844 Friedrich Bessel, aliyekuwa akiongoza kituo cha kutazamia nyota cha Königsberg, alitangaza kwamba Shira haisafiri kwa mstari ulionyooka. Vipimo vya miaka mingi vilionyesha inayumba, kana kwamba inavutwa na mwenza asiyeonekana. Bessel alifariki mwaka 1846 bila ya kumwona mwenza huyo. Usiku wa tarehe 31 Januari 1862, huko Massachusetts nchini Marekani, Alvan Graham Clark alikuwa akijaribu lenzi mpya ya darubini ambayo yeye na baba yake walikuwa wakiitengeneza. Akaielekeza kwa Shira, akaona kidoa cha mwanga ubavuni mwake. Watu wakafurahi, wakasema basi, huyo ndiye mwenza, nyota hafifu tu.

Kisha kukawa kimya tena. Hafifu, ndiyo, lakini kwa nini hafifu? Nyota huweza kuwa na mwanga mdogo kwa sababu ni baridi, au kwa sababu ni ndogo. Nyota hafifu zote zilizofahamika wakati ule zilikuwa nyekundu, yaani baridi, basi kila mtu akachukulia kwamba nayo ni hivyo hivyo.

Aliyeupasua ukimya huo ni mwanamke ambaye jina lake halitajwi vya kutosha. Williamina Fleming alitoka Dundee, Scotland, akahamia Marekani, na mume wake akamwacha akiwa mjamzito. Akapata kazi ya mtumishi wa nyumbani kwa Edward Pickering, mkurugenzi wa kituo cha nyota cha Harvard. Pickering alimtoa jikoni akampeleka ofisini, na huko mama huyo akawa msimamizi wa kundi zima la wanawake waliokuwa wakichambua picha za nyota. Picha za siku hizo hazikuwa za karatasi. Zilikuwa vioo, bamba moja moja, zimepangwa makabatini kwa tarehe na eneo la anga. Harvard inavyo zaidi ya 500,000.

Mwaka 1910 mtaalamu kijana, Henry Norris Russell, alikuwa Harvard akizungumza na Pickering. Alikuwa akizilinganisha rangi za nyota na mwanga wake halisi. Katika mazungumzo ikatajwa nyota hafifu iliyo ubavuni mwa 40 Eridani, ambayo William Herschel alikuwa ameiona tangu 1783. Rangi yake ni ipi? Pickering akasema tuulize, na swali likapelekwa kwa Bi. Fleming. Baada ya kama nusu saa jibu likarudi: ni ya daraja A. Kwa lugha ya kawaida, nyota hiyo ni nyeupe na ina joto kali.

Russell alijua papo hapo kwamba jibu hilo linaharibu hesabu zake. Kitu chenye joto kali hutoa mwanga mwingi kwa kila mita ya mraba ya uso wake. Kama kina joto kali na bado jumla ya mwanga wake ni kidogo, basi uso wenyewe ni mdogo mno. Na kwa kuwa mzingo wake na mwenziwe ulionyesha kwamba ina uzito wa kweli wa nyota, hapo pakawa na kitu kizito kama nyota na kidogo kama sayari. Pickering hakufadhaika, alimwambia kijana yule kwamba yasiyolingana na kanuni ndiyo yatakayotufundisha. Bi. Fleming alifariki mwaka uliofuata, 1911.

Sasa nawaombeni mzingatie kilichotokea hapo. Hapakuwa na darubini mpya wala usafiri wa kwenda mlimani. Mtu alikwenda kabatini, akatoa kioo, akakitazama, akarudi na jibu ndani ya nusu saa. Hilo liliwezekana kwa kuwa mtu mwingine, usiku wa baridi wa miaka ya nyuma, alipiga picha ya eneo hilo bila kujua itamfaa nani, na mwingine akaiandika tarehe yake kwa mkono usiotetemeka.

Mwaka 1915 Walter Adams, akiwa Mount Wilson kule California, alifaulu kuuchambua mwanga wa mwenza wa Shira, naye pia akaonekana ni mweupe mwenye joto. Leo tunajua kwamba ana uzito unaolingana na wa Jua, amebanwa katika tufe dogo kuliko Dunia. Kijiko kimoja cha chai cha mata yake kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani 10. Ungehitaji lori kukibeba. Wakati huo wengi walidhani kuna kosa mahali fulani. Jina lenyewe la kibete cheupe lilitolewa na Willem Luyten mwaka 1922, na jibu la swali kuu, kwamba ni nini kinachokizuia kitu kizito hivyo kisijiporomokee, likapatikana mwaka 1926 kwa Ralph Fowler wa Cambridge. Ni elektroni. Elektroni hazikubali kukaa mbili katika hali moja. Zikibanwa sana, zinagoma, na mgomo huo hauhitaji joto. Hata nyota ipoe vipi, mgomo unaendelea.

Hapa naomba radhi kwa walimu wa fizikia kwa kupita haraka. Kuna jambo moja tu nataka msilikose: kibete cheupe ukikiongezea uzito, hakivimbi, kinapungua. Kizito zaidi ndicho kidogo zaidi. Swali likaja lenyewe. Ukiendelea kuongeza, kitafika wapi?

Subrahmanyan Chandrasekhar alikuwa na miaka 19 alipopanda meli Bombay mwishoni mwa Julai 1930 kwenda kusoma Uingereza. Kati ya Bahari ya Arabu na Venice alifanya hesabu, akaona kwamba kuna kikomo. Kikomo hicho leo tunakitaja kuwa takriban mara 1.4 ya uzito wa Jua. Ukikivuka, mgomo wa elektroni unashindwa, na nyota inaporomoka. Mnamo Januari 1935 aliisoma kazi yake mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia mjini London. Aliyesimama baada yake alikuwa Arthur Eddington, mwanaastronomia mashuhuri kuliko wote wa zama zake, aliyekuwa akimtembelea kijana huyo mara kwa mara na kuijua kazi yake yote. Akaifanyia mzaha, na ukumbi ukacheka. Chandrasekhar alihamia Marekani, akaacha mada hiyo kwa miaka mingi. Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1983.

Kisa hicho kinasimuliwa sana, na kinastahili. Hata hivyo nadhani kinatupotosha kidogo, kwa kutufanya tuione sayansi kuwa ni ugomvi wa mabingwa wawili jukwaani. Hesabu ya Chandrasekhar ingekuwa zoezi la darasani tu kama visingekuwepo vioo vya kuthibitisha kwamba vitu hivyo vipo.

Kuhusu kikomo chenyewe nitasema machache. Kibete cheupe chenye jirani wa kukilisha kinaweza kukikaribia kikomo hicho na kulipuka chote. Vibete viwili vikigongana, navyo huweza kulipuka vivyo hivyo. Milipuko hiyo mwanga wake unaweza kusawazishwa vizuri kiasi cha kutumika kupimia masafa, na kwa njia hiyo makundi mawili ya watafiti yaligundua mwaka 1998 kwamba ulimwengu unapanuka kwa kasi inayoongezeka. Mpaka leo bado wanabishana ni njia ipi kati ya hizo mbili inayotokea zaidi.

Narudi kabatini, maana huko ndiko kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote.

Mwaka 1917 Adriaan van Maanen, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Mount Wilson, aligundua nyota hafifu inayosafiri kwa kasi, iliyo umbali wa kama miaka 14 ya nuru. Mwaka huo huo Adams alipiga picha ya spektra yake kwenye kioo, akakitia ndani ya bahasha, akaandika juu yake kwamba inafanana na nyota ya daraja F. Bahasha ikaenda kabatini Pasadena. Baadaye ikajulikana kwamba nyota ya van Maanen ni kibete cheupe.

Karibu miaka mia ikapita. Jay Farihi wa University College London alikuwa akiandika mapitio marefu kuhusu vibete vyeupe vilivyochafuka, akataka kukiona kioo kile. Akawaandikia wenye hifadhi, wakakitafuta, wakakipata. Spektra ni mstari mwembamba wa mwanga uliotandazwa kwa rangi, na ndani ya mstari huo, upande wa urujuani, kulikuwa na mikato miwili ya giza. Ni alama ya kalsiamu.

Kwa nini kalsiamu iwe habari? Kwa sababu kibete cheupe kina mvutano mkali mno. Chochote kizito kuliko hidrojeni na heli huzama chini, na juu hubaki gesi nyepesi tupu. Kalsiamu ikionekana usoni, imeanguka siku za karibuni, karibuni kwa hesabu ya nyota. Imeanguka kutoka wapi? Kutoka kwa mawe. Asteroidi au vipande vya sayari viliisogelea maiti hiyo, vikararuliwa na mvutano wake, vikageuka vumbi, vumbi likaishia usoni. Kioo cha 1917 ni ushahidi wa kwanza katika historia kwamba nje ya mfumo wetu wa Jua kuna mifumo mingine ya sayari. Mwanadamu alikuwa na ushahidi huo mkononi miongo mingi kabla ya kugundua sayari ya kwanza ya nje katika miaka ya 1990, naye hakujua.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Mwaka 2015, kwa darubini ya angani ya Kepler, watafiti walikiona kibete kiitwacho WD 1145+017 kikiwa na vipande vya mwamba vinavyokizunguka kila baada ya saa nne na nusu, vikimomonyoka huku vikitazamwa. Na katika vibete vingi vilivyochafuka watafiti wamepima kilichoanguka: chuma, magnesi, silikoni, oksijeni, kwa uwiano unaokaribia ule wa miamba ya Dunia. Sijui njia nyingine ya kujua ndani ya sayari ya mbali kuna nini. Sayari nzima unaiona kwa kivuli tu. Iliyosagwa na kumwagwa juu ya kibete cheupe, unaisoma kiungo kwa kiungo.

Kusini mwa bara letu pia kuna mchango. Nyota iitwayo AR Scorpii iliorodheshwa katika miaka ya 1970 kuwa ya aina ya kawaida kabisa, kimakosa. Mwaka 2015 watazamaji wa ridhaa wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza, watu wenye kazi zao nyingine za mchana, waliona kwamba mwanga wake una tabia isiyolingana na orodha. Wakawashirikisha wataalamu. Ikaonekana kuna kibete cheupe kinachojizungusha kila dakika mbili, kikimchapa mwenziwe kwa miali kila mzunguko. David Buckley na wenzake wa kituo cha astronomia cha Afrika Kusini, wakitumia darubini ya Sutherland katika nyanda kavu za Karoo, waliupima mwanga huo na mwaka 2017 wakatangaza kwamba hicho ni kibete cheupe cha kwanza kujulikana chenye tabia ya palsa, yaani nyota inayojizungusha huku ikirusha miali kwa mapigo.

Makabati ya leo hayana vioo. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Gaia ilirushwa mwishoni mwa 2013, ikapima mahali na masafa ya nyota zaidi ya bilioni moja, ikazimwa Machi 2025. Kabla yake vibete vyeupe vilivyofahamika vilikuwa makumi ya maelfu. Data zake zimeongeza idadi hiyo mara nyingi. Mwaka 2019 kundi la Pier-Emmanuel Tremblay wa Chuo Kikuu cha Warwick lilichukua vibete kama 15,000 vilivyo ndani ya miaka 300 ya nuru, likavipanga kwa rangi na mwanga. Likakuta msongamano pale ambapo hapakupaswa kuwa nao, kana kwamba vibete vilisita kupoa. Maelezo yake yalikuwa yameandikwa tangu 1968 na Hugh Van Horn: kibete kikipoa vya kutosha, kaboni na oksijeni yake huanza kuganda kuwa fuwele, na kuganda huko hutoa joto linalochelewesha kupoa. Jua letu nalo litaganda hivyo, ingawa si chini ya miaka bilioni 10 ijayo.

Data zote hizo za Gaia ziko wazi kwenye intaneti, bila ada, na hakuna anayeulizwa anatoka chuo gani. Kwa hiyo mwanafunzi unayenisikiliza kutoka Mbarara, Dodoma au Eldoret, kama una kompyuta na bando la kutosha, ifungue hifadhi hiyo. Anza na vibete vilivyo jirani, visivyozidi miaka 300 ya nuru, vipange kwa rangi na mwanga kama walivyofanya wale wa Warwick, uone kama msongamano ule utakutokea. Ukikwama, tuandikieni hapa redioni, tutamtafuta mwalimu wa kukujibu hewani. Usiku mwema.